Sikudhani na Mamlaka ya Kuboresha Upatikanaji

Nchi hii ipo, wala haiko mbali, ila mimi msiniulize njia. Inaitwa Ustawini. Serikali yake inawapenda wananchi kwa mapenzi yasiyo na kifani, na jambo lolote likionekana linakwenda vizuri nchini humo huundiwa mara moja mamlaka ya kuliboresha.

Katika mji mkuu aliishi Sikudhani binti Mbaruku, fundi wa majokofu, mwenye umri wa miaka ishirini na minne. Kazi hiyo alifundishwa na marehemu baba yake, na alikuwa hodari: akiweka kiganja juu ya friji anakwambia linaumwa nini kabla hujamaliza kumsalimia. Ugonjwa wake mwenyewe hakuujua, mpaka siku moja wakila chakula cha mchana mama yake akaacha tonge hewani.

"Mwanangu, hiyo shingo imefanya nini?"

Ilikuwa imefanya uvimbe. Dokta Tungaraza wa hospitali kuu alikata kipande kidogo, akakipima, akawaita mama na mwana. Alikuwa mtu mzima mpole, mwenye mazoea ya kufuta miwani hata ikiwa safi.

"Ni saratani ya matezi," alisema. "Inatibika, na wengi wanapona. Lakini dawa zake ni kali, na zinaweza kuyaunguza mayai ya uzazi. Unaweza kupona, ukaishi umri wako wote, usipate mtoto."

Mama alishika ukingo wa meza. Sikudhani akauliza kama fundi: "Hayawezi kutolewa kwanza?"

Dokta aliinuka, akafunga dirisha, akafungulia bomba la sinki maji yamwagike kwa kelele. Ndipo akajibu. Njia ilikuwepo. Unachomwa sindano siku kumi na mbili hivi, mayai yanakomaa, yanatolewa, yanagandishwa ndani ya hewa ya nitrojeni iliyogeuzwa kuwa maji, ambayo ni baridi kuliko baridi yoyote Sikudhani aliyowahi kuitengeneza. Yanakaa humo miaka na miaka. Yeye mwenyewe alishawafanyia vijana kumi, wake kwa waume, katika chumba kidogo nyuma ya maabara.

"Sasa mbona unanong'ona, dokta?" mama aliuliza.

"Kwa sababu mwaka jana huduma hii iliboreshwa. Siku hizi ni Mamlaka peke yake inayoruhusiwa hata kuitaja. Mimi nikiitaja, nimeingilia upatikanaji." Alifuta miwani. "Dawa naweza kuichelewesha siku ishirini na tano. Zaidi ya hapo ugonjwa utatutangulia. Nenda Mamlaka, mwanangu. Nenda leo."

*

Mamlaka ya Kuboresha Upatikanaji ilikuwa kwenye jengo la ghorofa tisa lenye milango kumi na miwili mbele, kila mmoja umeandikwa KARIBU KIJANA. Kumi na mmoja ilikuwa imechorwa ukutani kwa rangi, tena kwa ustadi, hata vitasa vilimeremeta. Wageni waligonga vichwa mara kadhaa kabla ya kugundua ule wa kweli.

Ndani vijana walikaa kwenye mabenchi. Wengi walikuwa wamefunga vitambaa vichwani, na mmoja alikuja na dripu yake, ameining'iniza kwenye msumari. Juu yao ukuta mzima ulijaa picha kubwa za vijana wanaocheka, chini ya maneno VIJANA WALIOHUDUMIWA. Hapa na pale palikuwa na mraba mweupe, mahali ambapo picha ilikuwepo na sasa haipo.

"Fomu ina kurasa thelathini na moja," karani alimwambia kwa fahari. "Zamani hapakuwa na fomu kabisa. Watu walihudumiwa hivi hivi tu, kama hawana serikali."

Ukurasa wa nne ulitaka saini ya mume. Sikudhani akasema hana. Karani akamwelekeza: asiye na mume alete barua ya mume mtarajiwa, na asiyemjua mume mtarajiwa alete barua ya mjumbe wa mtaa, kuthibitisha kuwa mume huyo hajulikani. Ukurasa wa kumi na tisa ulimtaka mtoto atakayezaliwa akiri kwamba ameridhia kusubiri. Ukurasa wa mwisho ulidai cheti cha kupona.

"Cheti cha kupona? Mimi ndiyo kwanza naumwa."

"Ndiyo maana, dada. Serikali haiwezi kumhifadhia mtu ambaye haijui kama kesho atakuwepo. Pona kwanza, kisha uje tukukinge na dawa za kukuponya."

Siku nane Sikudhani alikwenda na kurudi. Mjumbe aliandika barua kwamba mume hajulikani. Mamlaka ikaikataa kwa sababu haikutaja jina la huyo mume. Siku ya tisa alikaa kwenye benchi karibu na kijana mmoja mrefu aliyekonda, akainua macho, akashtuka. Uso wa kijana yule ulikuwa juu yake ukutani, ukicheka, ukiwa bado na mashavu na nywele.

"Si wewe yule pale?" Sikudhani alimuuliza. "Kumbe ulihudumiwa!"

"Nilishukuru," kijana alisema. "Kuhudumiwa ni kitu kingine."

Aliitwa Lukelo, mwalimu wa hesabu wa sekondari, wa miaka ishirini na saba. Naye alikuja na ugonjwa wake na siku zake chache. Akaambiwa asome maneno ya shukrani mbele ya televisheni, kisha mambo yake yatashughulikiwa upesi. Akasoma. Alipokuja kesho yake, daftari lilikuwa limeshaandika AMEHUDUMIWA, na sheria ya Ustawini hairuhusu mtu mmoja kuhudumiwa mara mbili, kwani huko ni kuwapunja wenzake. Siku zikaisha, akaanza dawa hivyo hivyo.

"Mimi nafundisha hesabu, dada. Hii nimeipiga kila namna, jibu linakuja sifuri. Na bado nakuja hapa kila wiki. Sijui nakuja kufanya nini."

Sikudhani alionyesha ile miraba myeupe. "Na hawa walikwenda wapi?"

Lukelo alitazama mikono yake. "Mheshimiwa anasema picha ya marehemu inawavunja moyo wageni."

*

Asubuhi iliyofuata Sikudhani aliitwa ghorofa ya tisa. Mheshimiwa Pazi Ndongolo, Mkurugenzi Mkuu, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia, hata anapoomba kalamu.

"Binti," alisema, "watu wanakuja hapa wanataka kupata. Nasikitika sana. Kupata ni ubinafsi. Kupata ni jambo la mtu mmoja chumbani kwake. Sisi tunashughulika na upatikanaji, na upatikanaji ni hali ya taifa zima! Nchi inaweza kuwa na upatikanaji mkubwa kabisa bila mtu yeyote kupata chochote. Hapo ndipo tunapoelekea."

Wasaidizi wawili walipiga makofi.

Akampeleka chumba cha pili kuona mtungi mpya wa taifa, uliokuwa uzinduliwe Jumamosi: chombo kirefu kuliko mtu, kimepakwa rangi ya dhahabu, kimefungwa utepe. Sikudhani, kwa mazoea tu, aliweka kiganja juu yake. Ulikuwa na joto kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Akafunua kifuniko. Ndani mlikuwa na kreti tatu za soda za wageni, nazo hazikuwa baridi.

"Mheshimiwa, huu mtungi haugandishi kitu."

"Baridi imo kwenye mpango wa miaka mitano," Mheshimiwa alijibu bila kukunja uso, akamkabidhi karatasi. "Una tabasamu zuri, na wewe ni fundi, vijana watakuamini. Jumamosi utasoma haya mbele ya Mtukufu Kiongozi. Ukishasoma, mambo yako mepesi."

Karatasi ilianza: *Mimi niliyehudumiwa, natoa shukrani.*

"Na nisiposoma?"

Mheshimiwa alimtazama kwa huruma ya kweli, kama anavyotazamwa mtu aliyesimama barabarani bila kujua kuna gari.

"Wanaoshukuru tunawaandika, binti. Wasioshukuru tunawaandika pia. Daftari lao ni lingine, na mimi silishiki mkononi. Wenyewe huja kulichukua."

Sikudhani alishuka ngazi ghorofa tisa. Hakuwa shujaa, alikuwa anaogopa, na alikuwa na siku kumi na tano. Alikwenda moja kwa moja hospitali, akafungulia bomba la sinki yeye mwenyewe.

"Dokta, kile chumba chako bado kipo?"

Dokta Tungaraza alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Nilikuwa naomba Mungu usiniulize," alisema. "Njoo uchome sindano ya kwanza."

Jumamosi mtungi wa dhahabu ulizinduliwa. Shukrani zilisomwa na binti mwingine, na Sikudhani hakutaka kumtazama usoni. Siku ya ishirini na tatu alitolewa mayai tisa. Dokta akamwonyesha yalipo: mtungi mdogo wa chuma, umebonyea ubavuni, na ndani yake vijiti vyembamba kama mirija ya kalamu. Karatasi iliyobandikwa nje ilikuwa na majina kumi. Akaandika la kumi na moja. Kifuniko kilipoinuliwa, moshi mweupe wa baridi ulimwagika mpaka sakafuni. Sikudhani aligusa shingo ya mtungi, vidole vikang'ang'ania barafu, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu aumwe.

*

Wiki tatu baadaye, akiwa kitandani anaingiziwa dozi ya pili, alisikia matarumbeta. Mama alikwenda dirishani.

"Wamekuja na lori la maua," alisema. "Sikudhani, mbona wanabeba kitu kutoka nyuma ya maabara?"

Mamlaka ilikuwa imegundua kwamba mahali fulani nchini huduma inatolewa, ikaja kuiboresha. Mtungi ulipandishwa lorini kwa heshima zote. Dokta Tungaraza alipandishwa cheo papo hapo, akawa Mkuu wa Kituo cha Kuhesabu Vyandarua mpakani, akaondoka mchana huo huo bila kupitia nyumbani. Barua zake huja mpaka leo. Zinasema yuko salama na ana furaha, na mkewe anasema mwandiko si wake.

Mtungi uliwekwa Jumba la Maonyesho ya Mafanikio, juu ya zulia jekundu, kati ya trekta la kwanza la taifa na kalamu ya Mtukufu Kiongozi. Kibao kiliandikwa HAZINA YA VIZAZI VIJAVYO. USIGUSE. Wa kuujaza hakuteuliwa. Hospitali ilisema jumba si hospitali, na jumba likasema mtungi si wake kuutibu.

Sikudhani alijua maana yake. Nitrojeni ile hupungua yenyewe kila siku, kidogo kidogo, kama maji kwenye chungu kilichosahauliwa jikoni. Ikiisha, mayai na mbegu za watu kumi na mmoja ni taka. Mtungi ulihitaji lita mbili hivi kwa wiki. Azipate wapi?

Akamkumbuka Bi Nyamizi, afisa mifugo wa kituo cha ng'ombe nje ya mji, ambaye alikuwa akimtengenezea friji la chanjo. Bi Nyamizi alikuwa na mitungi sita ya namna ile ile, imejaa mbegu za fahali bora. Mfugaji akipiga simu asubuhi, ng'ombe wake amehudumiwa kabla ya adhuhuri. Ilikuwa hivyo kwa miaka thelathini.

"Ng'ombe hawana fomu?" Sikudhani aliuliza.

"Fomu ya nini? Ng'ombe anajua kusoma?" Bi Nyamizi alimtazama kitambaa cha kichwani, akapunguza sauti. "Leta chupa ya chai, binti yangu. Usiikaze kifuniko. Hii kitu lazima ipumue, ukiibana inapasuka kama bomu."

Basi kila Alhamisi Sikudhani alikwenda kuangalia mafanikio ya taifa akiwa na chupa ya chai. Siku nyingine alitapika mtaroni kwanza, akajifuta, akaingia. Lukelo alifuatana naye. Alisema afadhali kuliko kukaa kwenye lile benchi. Yeye alimshughulisha mlinzi, Afande Kibwana, kwa mafumbo ya hesabu kule mlangoni, na Sikudhani akafunua mtungi, akamimina, akafunika.

"Chai tena?" Afande aliuliza kila wiki.

"Chai, baba."

Wiki ya saba Afande Kibwana hakutaka fumbo. Alimsogelea Sikudhani, macho yako kwenye zulia.

"Hiyo chai yako ina moshi mwingi, na sijakuona ukiinywa hata siku moja," alisema. "Sikiliza. Kesho wanakuja mafundi kuchomelea kifuniko cha huu mtungi. Mheshimiwa amesema moshi wake unawatia wageni wasiwasi."

"Wakiuchomelea utapasuka, baba! Utaua watu!"

"Niliandika ripoti. Nikaambiwa hofu yangu ndiyo ushahidi kwamba moshi unatia wasiwasi." Alitandika mkeka wake pembeni. "Adhuhuri imeingia. Mimi nikiswali sioni wala sisikii. Na leo nitaswali na sunna zake."

Sikudhani alifunua mtungi. Alitoa fungu moja moja la vijiti, akalizamisha upesi ndani ya chupa, ambayo leo alikuwa hajaimimina, na Lukelo akasoma majina kwa kunong'ona, akihesabu. La kumi lilikwama kwenye shingo ya chupa. Sikudhani aliuma midomo, akaligeuza, likashuka.

"Kumi na moja," Lukelo alisema. Jina lake halikuwemo, lakini alihesabu tena tangu mwanzo.

Walipofika kwenye ngazi za nje walikutana na Mheshimiwa Pazi Ndongolo uso kwa uso, na waandishi nyuma yake, amekuja kukagua maandalizi.

"Ah, kijana wetu wa ukutani!" alimwambia Lukelo. Kisha macho yakamshukia Sikudhani, yakakaa. "Na wewe ni yule uliyeshindwa kusoma. Mna nini humo?"

"Chai, Mheshimiwa."

"Vizuri. Nimiminie. Jua limeniwakia tangu asubuhi."

Msaidizi mmoja alinyoosha mkono kuichukua chupa. Sikudhani aliikumbatia kifuani.

"Mheshimiwa!" Lukelo alipaza sauti ya darasani. "Nilikuwa nataka kushukuru!"

Kamera ziligeuka zote. Mheshimiwa naye aligeuka, kwa maana hakuna kitu alichokipenda kuliko hicho. Lukelo akaanza. Alishukuru kwa milango kumi na miwili. Alishukuru kwa kurasa thelathini na moja, moja baada ya nyingine. Alishukuru kwa soda. Machozi yalimtiririka, na waandishi wakaandika kuwa ni ya furaha. Alipofika ukurasa wa ishirini, Sikudhani alikuwa ameshavuka barabara na kupotea, chupa imebanwa chini ya kanga.

Lukelo hakurudi nyumbani siku ile. Mheshimiwa alisema kijana mwenye kipawa kama hicho ni mali ya umma, akampandisha garini mwake. Tangu hapo anazungushwa mikoani, akishukuru.

*

Vijiti viliingia kwenye mtungi wa sita wa Bi Nyamizi, pamoja na fahali. Leja ya kituo haikuwa na safu ya binadamu, kwa hiyo Bi Nyamizi aliandika: *Fahali kumi na mmoja, aina mchanganyiko, wapole.*

Mtungi wa jumba ulichomelewa kesho yake. Ulipasuka siku ya sita, saa saba mchana, jumba likiwa limefungwa kwa mapumziko, ukang'oa paa na magurudumu mawili ya trekta. Gazeti la serikali liliandika kwamba mafanikio yetu yamesikika mji mzima. Sikudhani na wenzake kumi walipelekewa barua ya pongezi, ikiwajulisha kuwa hazina waliyoitoa imesambazwa sawasawa kwa wananchi wote.

Alimaliza dozi ya mwisho baada ya miezi mitatu. Daktari mpya, ambaye hakuthubutu kumwangalia machoni, alisema picha haionyeshi ugonjwa tena. Mama alimshika kichwa, nywele zimeanza kuota fupi kama za mtoto. Siku hiyo hiyo, Ijumaa, Sikudhani alikwenda kituoni kumwambia Bi Nyamizi.

Alimkuta amesimama na barua yenye muhuri wa dhahabu. Mamlaka ilikuwa imepata habari za kufurahisha: ng'ombe wa Ustawini wanahudumiwa siku hiyo hiyo, bila fomu. Ingekuja Jumatatu, na matarumbeta, kuboresha.

Wanawake wale wawili hawakungoja Jumatatu. Waliufunga mtungi wa sita kwa kamba nyuma ya pikapu ya mifugo, wakaushindilia nyasi pande zote, wakashika barabara ya mpakani. Bi Nyamizi alikuwa na mwenzake ng'ambo ya pili, afisa mifugo kama yeye, katika nchi ambayo bado haijaboreshwa.

Jua lilikuwa linaelekea magharibi walipofika kwenye kizuizi. Ndani ya kibanda cha askari redio ilikuwa inasema. Sikudhani aliitambua sauti. Ilikuwa ya Lukelo, imekuwa nyembamba kama uzi, inapumzika kati ya neno na neno, ikiishukuru Mamlaka kwa niaba ya ng'ombe. Sikudhani alishika kitasa cha mlango ateremke. Bi Nyamizi alimbana goti kwa mkono wake mzito, hakumwachia.

Askari alikuja dirishani. "Mmebeba nini?"

"Mbegu za fahali."

"Kibali?"

"Tangu lini mbegu za fahali zikahitaji kibali, afande?"

Askari alitazama mtungi, akatazama kitambaa cha Sikudhani, kisha akawageuzia mgongo na kuanza kuinua kizuizi.

"Hazihitaji," alisema. "Mpaka Jumatatu."